Sahani Iliyofunikwa

Watu wa kwanza niliowachekesha hawakuwa na pa kwenda. Walikuwa wamekwama Kigongo, upande wa Misungwi, wakisubiri kivuko cha kwenda Busisi. Kama ulipita pale kabla ya daraja, unaijua foleni ile: malori ya Geita, mabasi ya Bukoba, kina mama wenye beseni za samaki wa kukaanga, watoto wa mayai ya kuchemsha, na jua la saa saba linalopiga ziwani kisha linakurudia usoni. Nilikuwa na miaka 18, nauza maji ya chupa na karanga. Siku moja niliiga kondakta akigombana na mzee wa Kisukuma aliyetaka kupanda basi na mbuzi wake, na maji yakaisha kabla sijamaliza mzozo. Baada ya wiki mbili abiria waliokuwa wakipita mara kwa mara walianza kuomba mbuzi kwanza, maji baadaye.

Daraja la Magufuli, kilomita 3 za zege juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Nililivuka mwezi uliofuata, nimekaa dirishani. Tuliingia, tukatoka, tuko Busisi. Nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote, na pia nilijisikia kama fundi aliyerudi kijijini akakuta karakana aliyojifunzia kazi imebomolewa. Hakukuwa na muda wa kumaliza hata kisa kimoja. Mimi nilijifunza kuchekesha kwa sababu watu walikuwa wanasubiri.

Nimeulizwa mara nyingi niliachaje pombe. Kila mara nimejibu vibaya, na nitaeleza kwa nini. Ila nianze kwa kusema kwamba kisa chenyewe si cha pombe sana. Ni cha sahani ya bati yenye maua mekundu, ambayo sikuwahi kuiona mpaka nilipokuwa mtu mzima.

*

Nilihamia mjini mwaka 2010. Kwa mtoto wa Mwanza aliyetaka kuchekesha, dunia ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa Dar es Salaam, walikokuwa kina Joti na Masanja. Mwingine ulikuwa hapahapa, kwa sababu Star TV iko Mwanza na kundi la Futuhi lilikuwa linatuonyesha kwamba mtu anaweza kuchekesha taifa zima bila kuficha kwamba ametoka Kanda ya Ziwa. Mimi sikuingia mlango wowote. Niliingia baa. Kirumba, Mabatini, Igoma, Buzuruga, popote palipokuwa na spika mbili na mwenye baa aliyeogopa wateja wasiondoke kabla ya mechi ya usiku. Malipo yalikuwa elfu kumi, au chipsi na bia mbili, au ahadi.

Kuna kitu ambacho sijasikia wachekeshaji wakikizungumza. Jukwaa wanalizungumza sana, na woga wa kabla ya kupanda nao wanausimulia vizuri. Nusu saa baada ya kushuka hawaigusi. Umetoka kushikwa na watu 200 kana kwamba wewe ni mtoto wao wa mwisho. Umeshuka. Dakika tano, unapongezwa. Dakika kumi, DJ ameweka muziki na wale waliokuwa wakifuta machozi kwa ajili yako wameinuka kucheza, na wewe unatafuta kiti chako, unakuta mtu amekikalia. Hakuna aliyekukosea. Wao wamemaliza. Mwili wako ndio haujamaliza, bado unadunda kama injini ya mtumbwi iliyoachwa ikinguruma baada ya kufika ufukweni.

Kiroba kilikuwa shilingi mia tano. Unang'ata kona, unamimina kooni, injini inazimika. Nilianza kwa kimoja, baada ya kushuka. Kisha vikawa viwili, kimoja kabla. Kisha kimoja asubuhi cha kuzimua, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka na siwezi kufunga vifungo vya shati. Sitaeleza zaidi hatua hizo. Kila mlevi anazo na zote zinafanana, na tukikaa pamoja tunazisimulia kwa fahari ya ajabu kama wazee waliopigana Vita vya Kagera.

*

Nilimkuta mke wangu Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, mwaka 2012. Alikuwa anabishana na mnunuzi kutoka Kongo juu ya kipimo cha dagaa, anabishana kwa Kiswahili na Kilingala cha kuokoteza, na anashinda. Nilimwambia kitu cha kuchekesha. Hakucheka. Aliniuliza, "Kaka, unanunua au unapita?" Nikanunua dagaa kilo mbili ambazo sikuwa na pa kuzipikia.

Kama hujui biashara ya dagaa, inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa gizani, taa zikiwashwa juu ya maji ili wapande kuufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa, ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina maana, na wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu. Kwa hiyo yeye alikuwa na nafasi siku chache kila mwezi, na siku hizo ndizo alizokuja kuniona. Nilijua kalenda ya mwezi kuliko shehe. Nikichungulia nje ya baa na kuona jiwe la Bismarck limeng'aa pale majini, najua leo yupo, amekaa karibu na mlango, anakunywa soda, na kanga yake inanukia dagaa kidogo hata ikifuliwa mara tatu. Nilikuwa nachekesha watu wote wengine ili nimpate yeye. Alikuwa anacheka mara moja kwa usiku, wakati mwingine asicheke kabisa, kisha njiani kuelekea nyumbani Kitangiri ananiambia, "Ile ya mbuzi umeifupisha. Usiifupishe."

Tulioana 2013. Binti yetu alizaliwa mwaka uliofuata.

Usiku mmoja umeme umekatika, mtoto amelala, akaniambia jambo. Baba yake alikuwa Mhaya, mfanyabiashara wa ndizi, na alikuwa ndani ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Sihitaji kuwaeleza watu wa Mwanza tarehe hiyo. Meli ilikuwa inakaribia kufika. Wengi walizikwa pale Igoma, na wengine hawakutambuliwa na mtu yeyote. Baba mkwe wangu ni mmoja wa ambao familia haijui wamelala wapi. Mke wangu alikuwa na miaka 7.

Mama yake, mzaliwa wa kisiwa cha Ukara, hakukubali. Hakupiga kelele wala hakuchanganyikiwa, aliendelea na genge lake na maisha yake. Ila kila jioni alipakua sahani ya nne. Kulikuwa na yeye na watoto wawili, na sahani ya nne, ya bati, yenye maua mekundu. Ugali na samaki, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiacha mezani, akaenda kulala. Alisema mtu akisafiri kwa maji anaweza kuchelewa.

Biashara ya genge haikuwa nzuri na watoto hawakuwa wanashiba. Mke wangu, miaka 7, akaanza kuamka usiku. Anafunua sahani, anakula gizani, anafunika. Asubuhi mama anakuta mifupa, anasema kwa sauti ya chini kabisa, "Baba yenu alipita." Na mtoto anaitika, "Ndiyo, mama." Ilikwenda hivyo karibu miaka miwili, mpaka siku moja mama aliacha tu kupakua.

"Sijawahi kumwambia mtu," alisema. "Hata yeye sijamwambia. Kila nikikumbuka naona nilimuibia marehemu, na nikamdanganya mama. Na samaki alikuwa mtamu."

Nilimshika mkono. Nakumbuka vizuri kwamba nilimshika mkono na nikamhurumia kwa moyo wangu wote. Na nakumbuka, kwa uhakika uleule, kwamba sehemu moja ya kichwa changu iliinuka na kusema: *samaki alikuwa mtamu*. Hiyo ndiyo ya kumalizia.

*

Ilikuwa mwaka 2016, miaka 20 tangu meli izame. Baa ilikuwa imejaa na baridi kama barafu. Nimetupa ya kondakta, kimya. Ya mbuzi, kimya. Kuna mtu alianza kupiga simu. Nilikuwa na viroba vitano tumboni, na mwezi ulikuwa mchanga, kwa hiyo nilijua kiti cha karibu na mlango hakina mtu.

Nikaanza, "Mama mkwe wangu anapikia mzimu."

Walinyamaza kwa namna nyingine. Nikaendelea. Mimi mkwe, niko hai, nimetoa ng'ombe, sijawahi kuachiwa hata kiporo, lakini marehemu anapakuliwa kila siku. Nikaenda kuchungulia usiku huo mzimu unakulaje. Mzimu gani unakula sato mpaka kichwa? Mzimu gani unalamba vidole? Kumbe mzimu ndio nimeuoa!

Sijawahi kupata kicheko kile, kabla wala baada. Watu walipiga meza. Mwanamke mmoja alitoka nje kupumua. Sikutaja meli. Sikutaja jina. Nilijiambia hivyo nikishuka, nikajiambia tena nikinywa, na nilikuwa bado najiambia kesho yake mchana video ilipoanza kuzunguka WhatsApp, dakika moja na nusu, imekatwa vizuri kabisa, inaishia pale kwenye *nimeuoa*.

Ilimfikia Mwaloni. Alioneshwa na mteja wake, ambaye hakujua, ambaye alikuwa anacheka.

Alirudi nyumbani mapema siku hiyo. Aliniuliza swali moja, "Walikulipa shilingi ngapi?"

Elfu hamsini.

"Basi umejua bei," akasema, akaanza kukunja nguo za mtoto. Hakuniita jina baya. Nilitamani aniite. Aliondoka na bajaji kwenda kwa mama yake, Nyamanoro.

Na mimi nikawa maarufu. Hapa ndipo ninapopata shida kusimulia, kwa sababu wasomaji wangependa nione aibu papo hapo, na sikuona. Nilipigiwa simu kutoka Dar. Niliitwa redioni. Niliendesha sherehe za harusi za watu wenye magari mawili. Bodaboda wa Mwanza nzima walinipa jina, na wanalitumia mpaka leo, nikikatiza Makoroboi nasikia tu, "Mzimu! Oyaa, Mzimu!" Ninapunga mkono. Ungefanya nini? Walikuwa wananipenda, na upendo wa umati hauna masharti mengi, unataka tu uurudie ule mzaha mmoja mpaka ufe.

Nilichojifunza kuhusu umaarufu ni kidogo na nakisema kwa haraka. Haulipi kama watu wanavyodhani. Mzee Majuto alichekesha nchi hii kwa miongo, na alipougua kabla ya kufariki Agosti 2018 tuliishia kusikia serikali ikizungumzia mikataba yake, mtu ambaye sura yake kila nyumba iliijua. Mimi sikuwa hata na mkataba wa kulalamikia. Nilikuwa na jina, na jina hilo ni kosa langu, likiitwa kwa furaha na watu wasiojua.

*

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba. Wenzangu wengine waliokolewa na Yesu. Mimi nilidhani nimeokolewa na Waziri Mkuu. Nilitangaza jukwaani kwamba naacha, nikashangiliwa. Niliacha siku nne. Siku ya tano niligundua kwamba katazo lilikuwa la kifuko, si la kilichomo, na chupa ndogo bado inaingia mfuko wa koti.

Juni ya mwaka huo nilikwenda Kisesa kwa babu mzaa mama. Ilikuwa msimu wa Bulabo, ngoma zinazochezwa Bujora sikukuu ya Ekaristi. Padri David Clément, Mkanada aliyeanzisha kituo kile cha Bujora miaka ya 1950, ndiye aliyeziingiza ngoma za Wasukuma kwenye sikukuu hiyo. Babu alikuwa amecheza ujana wake wote, upande wa Bagika. Nilimkuta chini ya mwembe, kiti chake cha kukunja, redio yake.

"Mwadila, babu."

"Mwadila. Unanuka."

Nilikaa. Kule uwanjani ngoma zilikuwa zimeanza, zile kubwa, unazisikia kifuani kabla ya masikioni. Akanisimulia, ingawa nilikuwa nimewahi kusikia, jinsi ushindani wa Bagika na Bagalu ulivyoanza: waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, walibishana dawa ya nani ina nguvu. Hawakupigana. Walicheza, siku moja, uwanja mmoja, mmoja huku na mwingine kule, na aliyevuta watu wengi ndiye aliyeshinda. Mpaka leo inachezwa hivyohivyo. Hakuna majaji wenye karatasi. Watu wako huru kutembea. Unacheza, unaona migongo ya watu ikikuacha kuelekea upande wa pili, na unatafuta cha kufanya kuwarudisha. Ndiyo maana waliingiza vichekesho, vinyago, fisi, chatu mzima shingoni. Na ndiyo maana kila kundi lilikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, waliyoiita samba.

Niliposikia hayo safari hii nilishtuka. Nilikuwa nimedhani ugonjwa wangu ni wa kisasa, umeletwa na simu.

"Ilikuwa inafanya kazi, hiyo dawa?"

"Inafanya."

"Babu, kweli?"

"Ilikuwa na miiko. Kuna mambo huli, kuna siku hulali na mke wako. Kijana anayetaka watu kuliko anavyotaka miiko, tulikuwa tunamtoa. Anaweza kucheza vizuri kuliko wote, tunamtoa." Akazima redio. "Nilioneshwa ile video yako."

Nilisubiri aseme neno juu yake. Hakusema. Alisimama, akachukua fimbo yake, tukaenda kuangalia ngoma. Upande wa Bagalu walikuwa na chatu siku hiyo na walituchukulia watu wote.

*

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara. Ilikuwa imetoka Bugolora, siku ya gulio, imejaa watu kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 200 walikufa.

Nilipata habari nikiwa nimelewa na jambo la kwanza nililofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba shoo ya Jumamosi itaahirishwa. La pili ni mama mkwe. Ukara ni kwao.

Jumamosi nilikwenda Nyamanoro. Nilikuwa sijakanyaga pale kwa zaidi ya miaka miwili. Mtoto nilikuwa naletewa kituo cha daladala. Nilikuta uani kuna mkeka na majirani, na simu zinaita. Ndugu zake wawili walikuwa tayari wamepatikana. Mke wangu alinitazama, akasogeza kiti kwa mguu bila kusema kitu. Mchana redio ilisema fundi mitambo wa kivuko ametolewa akiwa hai, baada ya siku mbili ndani ya chombo kilichopinduka. Uani pakalipuka vigelegele na vilio kwa pamoja, na sikuweza kutofautisha.

Kwetu mkwe hakai ana kwa ana na mama mkwe. Nilikuwa nimeingizwa sebuleni na yeye alikuwa chumbani, pazia katikati. Baada ya muda nilisikia sauti yake.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nilijua."

Sikuelewa.

"Yule mtoto. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Maiti hali samaki akapanga mifupa pembeni ya sahani kama nilivyomfundisha mimi. Nikawa naongeza. Nilikuwa nampakulia yeye kidogo mezani ili anione nagawa sawa, halafu kule nampakulia zaidi."

Kimya. Nje mtu alikuwa anasoma majina kwenye simu.

"Yeye hakujua kwamba najua," akasema. "Ilikuwa yangu na yake, na yeye alikuwa hajui. Nilitaka nife nayo. Sasa anajua. Amekuja hapa na zile nguo za mtoto, amelia, ameniomba msamaha. Kwa kitu gani? Ilibidi nimwambie. Ile siku nimemwambia, ikaisha."

Niliangalia pazia. Lilikuwa la bluu, lenye samaki wadogo.

Nimefikiria maneno yale kuliko maneno mengine yoyote niliyowahi kuambiwa. Nilikuwa nimejua kwamba nimeiba siri ya mke wangu. Sikujua kwamba chini yake kulikuwa na nyingine, kwamba wanawake wale wawili waliishi miaka 20 juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekigusa, na kitu hicho ndicho kilichomlisha mtoto. Mimi nilikigusa, kwa elfu hamsini.

*

Sikuacha siku hiyo. Ingependeza. Niliacha Machi 2019, jaribio la tano, na safari hiyo nilipitia hospitali kwanza, kwa sababu muuguzi mmoja aliniambia kwa ukali kwamba mlevi wa kiwango changu akikata ghafla bila uangalizi anaweza kupata degedege na kufa. Kama uko mahali nilipokuwa, nenda ukaseme ukweli wa chupa ngapi kwa siku. Watakuangalia vibaya sekunde mbili.

Kisha niliingia kanisani, kanisa moja la turubai Nyakato, na waliponitambua wakaniomba nitoe ushuhuda. Niliutoa mara saba. Mara ya tatu niligundua kwamba nanyamaza sekunde moja kabla ya kusema "mke wangu akaondoka", kwa sababu pale watu huguna. Mara ya tano niliongeza chatu. Nilisema usiku wa kuacha pombe niliona chatu akitoka chini ya kitanda. Babu na wenzake walivuta watu kwa chatu wa kweli, ambaye angeweza kuwauma. Mimi nilivuta wangu kwa chatu wa uongo, tena mbele ya madhabahu. Watu walilia. Nilishuka nikitetemeka kwa raha, na nikaijua ile raha. Ilikuwa nusu saa ileile.

Sisemi mchekeshaji hawezi kuokoka. Emmanuel Mgaya, yule Masanja Mkandamizaji, alikuja kuwa mchungaji na sina sababu ya kumtilia shaka. Nasema juu yangu tu. Mimi nikipewa maikrofoni ya kutubu, nitachekesha.

Kwa hiyo siku hizi nasali pasipo watu. Kanisa la Bujora ni la mviringo, na siku za katikati ya wiki, mchana, halina mtu. Nakaa. Mungu ndiye mtazamaji pekee ambaye sijaweza kumchekesha. Ananiangalia kama mzee aliyekaa mstari wa mbele amekunja mikono. Mwanzoni ilinitisha. Sasa najua haondoki kwenda upande wa Bagalu.

Nilianguka mara moja, Machi 2021, jiji lilipofurika watu waliokuja kumuaga Rais Magufuli pale Uwanja wa CCM Kirumba. Sikuwahi kuona umati kama ule, na mwili wangu haukujua namna nyingine ya kukaa karibu na umati. Usiku mmoja. Nilimwambia mke wangu kesho yake kabla hajasikia kwa mtu.

Bado namwita mke wangu. Hatujaachana rasmi na hatukai pamoja. Yeye ana vitanda vyake vya kuanikia dagaa na wafanyakazi watatu. Mimi nafanya kazi mchana kwenye duka la vipuri, na usiku mara mbili kwa mwezi nachekesha. Ya mzimu siifanyi. Huwa wanaiomba mpaka mwisho, na wengine wanaondoka wamenuna. Kabla ya kuandika haya nilimpelekea yeye na mama yake. Mama alisomewa, akasema niandike, ila nisiseme samaki alikuwa sato, kwa sababu mara nyingi alikuwa furu tu. Mke wangu alifuta aya moja. Ilikuwa nzuri kuliko zote zilizobaki.

Mwezi uliopita nilimrudisha binti yetu kutoka kumsalimia babu Kisesa. Basi liliharibika njiani, tukafika Nyamanoro saa nne usiku. Mama mkwe alikuwa ameshalala. Mke wangu alimchukua mtoto, akaniambia kwa sauti ya chini, "Cha kwako kiko mezani," akaingia ndani.

Sebuleni taa ilikuwa inawaka. Mezani kulikuwa na sahani ya bati, imefunikwa kwa nyingine, na birika la maji ya kunawa pembeni. Maua yalikuwa yamefifia sana, mekundu yamekuwa kama kutu. Nilifunua. Ugali ulikuwa umepoa. Samaki alikuwa mzima, na safari hii alikuwa sato.

Nilinawa, nikala mpaka kichwa, nikapanga mifupa pembeni.